Chungu cha Wote, Upande Wako wa Sinia

Mwongozo wa kuupima mwili wako kwa chakula cha nyumbani, kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Wifi wawili wa Mtongwe wamekaa mkekani asubuhi. Mbele yao pana mahamri, bakuli la mbaazi za nazi na birika la chai. Tuseme kila mmoja ale mahamri mawili, kata moja ya mbaazi na kikombe kimoja cha chai isiyo na sukari, na saa moja baadaye kila mmoja apimwe sukari kidoleni. Si ajabu hata kidogo mmoja akasoma 7 na nukta, na mwenziwe akakaribia 10, ilhali wamekula kitu kimoja, kutoka chungu kimoja, wakati mmoja.

Waswahili husema kila mtoto na koja lake. Wanasayansi wamechukua muda mrefu kulikubali hilo katika mambo ya chakula, lakini sasa wana ushahidi. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuutumia ushahidi huo nyumbani kwako kwa daftari, kalamu na tone la damu, bila kusubiri maabara ya ng'ambo.

Sahani ya jirani si kipimo chako

Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli waliwavalisha watu 800 vifaa vya kupima sukari usiku na mchana kwa wiki nzima, wakafuatilia karibu milo 47,000. Mkate uleule uliompandisha mtu mmoja ulimwacha mwingine ametulia. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Chuo cha King's cha London ilitoa matokeo ya watu wazima 1,002, wengi wao mapacha. Hata mapacha wa kufanana, waliogawana jeni zote, waliitikia chakula kwa namna tofauti. Jeni peke yake hazikutosha kueleza hata nusu ya tofauti ya sukari. Mengine yaliyochangia ni vijidudu vya tumboni, usingizi, mwendo wa mwili, saa ya kula, na chakula chenyewe kilivyochanganywa.

Ukisoma hapo tu utadhani kila mtu anahitaji lishe yake ya pekee tangu asubuhi hadi usiku. Sivyo. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwagawa watu 609 wenye uzito uliozidi: nusu wakapunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, kwa mwaka mzima. Makundi yote mawili yalipungua kwa wastani wa kilo 5 hadi 6, na kipimo cha jeni hakikuweza kutabiri nani angefaidika na mpango upi. Hivi karibuni watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliwapa watu milo ileile mara mbili, wiki tofauti. Mtu yuleyule, kwa mlo uleule, alitoa majibu yasiyolingana. Maana yake ni kwamba kipimo kimoja cha siku moja hakikupi elimu. Kinakupa habari ya siku ile tu.

Ukiyaweka yote pamoja utapata kanuni ambayo nyumba ya Pwani inaielewa vizuri. Chungu ni cha wote, lakini kwenye sinia kila mtu hula upande wake. Yapo mashauri ya chungu, yanayofaa kila mwili: chumvi ipungue, sukari ipungue, mboga na kunde ziongezeke. Na yapo mashauri ya upande wako wa sinia: kiasi gani, kwa mpangilio gani, saa ngapi, pamoja na nini. Ya chungu huhitaji kuyapima, yameshapimwa. Ya upande wako ndiyo utakayoyatafuta.

Nani asianze peke yake

Zungumza na daktari au muuguzi kwanza ikiwa:

- unatumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, kama glibenclamide au gliclazide. Ukipunguza wanga bila kupunguziwa dawa, sukari inaweza kuporomoka;
- una mimba;
- una ugonjwa wa figo au wa ini;
- una ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita;
- unayetaka kumpima ni mtoto.

Wengine mnaweza kuanza, kwa sharti moja: majaribio haya ni ya kujifunza namna ya kula, si ya kujitangazia ugonjwa wala kujiachisha dawa.

Vifaa, na namna ya kuvitunza

Unahitaji mashine ndogo ya kupimia sukari, stripu zake, sindano za kutobolea kidole, na daftari. Mashine inaweza kuwa ya nyumba au ya chama. Sindano haigawanywi kamwe, hata kati ya mama na mwana, na hata kile kifaa cha kufyatulia sindano kila mtu awe na chake. Homa ya ini aina ya B na Virusi vya UKIMWI hupita kwenye tone dogo la damu.

Kabla hujatoa pesa, uliza mtaani kwako ni nani mhamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchini, na mikoba waliyopewa ina mashine ya sukari na ya presha. Yuko anayehudumu sehemu zako, uwe Timbwani, Mjambere au Chaani. Hatakuja kukupima kila mlo, lakini anaweza kukupa kipimo cha kwanza na kukufundisha kushika mashine.

Stripu zina adui wawili ambao Mombasa inao tele: joto na unyevu. Nyingi hutakiwa zikae chini ya nyuzi 30, ndani ya chupa yake iliyofungwa. Usiziweke dirishani, jikoni karibu na jiko, wala ndani ya tuktuk mchana kutwa. Usizitie friji pia. Tafuta kabati la chumba chenye hewa, funika chupa mara tu unapotoa moja, na soma tarehe ya mwisho kabla ya kununua.

Mashine zenyewe zinaruhusiwa kukosea kidogo: kipimo kinaweza kwenda juu au chini kwa takriban asilimia 15. Kwa hiyo 7.2 leo na 7.9 kesho ni kitu kimoja. Usifurahi wala kuhuzunika kwa nukta.

Hatua ya 1: Wiki moja ya kuandika tu

Kwa siku saba usibadilishe chochote. Andika kila kinachoingia kinywani, na uandike kwa kipimo ambacho mkono wako unakijua. "Wali" peke yake si taarifa. "Wali wa nazi kata mbili, mchuzi wa samaki, kipande kimoja cha changu, hakuna mboga" ni taarifa. Mahamri yahesabu, na uandike kama ni yale madogo ya nyumbani au yale makubwa ya kibandani. Chai iandike kwa vijiko vya sukari.

Usisahau vinavyoliwa bila kuitwa chakula: viazi karai ulivyonunua ukisubiri feri, muhogo wa kukaanga wa mwanafunzi uliomalizia, soda ya mchana, kashata iliyokuja na kahawa, juisi ya miwa ya Kongowea. Aghalabu ndivyo vinavyoshangaza wiki ikiisha.

Pembeni andika mambo matatu mengine: ulilala saa ngapi, ulitembea kiasi gani, na kama ulikuwa mgonjwa au na wasiwasi mkubwa. Usingizi mfupi na homa hupandisha sukari hata kama sahani haikubadilika.

Siku ya saba hesabu sukari ya vikombe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ikishuka hadi asilimia 5, yaani gramu 25 hivi au vijiko sita vya chai, faida ni kubwa zaidi. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa vijiko vitatu kila kimoja amefika tisa kabla hajagusa soda. Hilo ni shauri la chungu. Huhitaji kutoboa kidole kulifuata.

Hatua ya 2: Pima mlo mmoja, mara tatu

Chagua mlo mmoja unaoula mara nyingi. Kwa wengi ni staftahi au kijio. Usichague biriani ya harusi. Chagua kile kilichojirudia daftarini.

Fuata hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Ukitoka kumenya embe bila kunawa, mashine itaisoma embe, si damu.
2. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwani ukitoboa katikati utaumia zaidi. Badilisha kidole kila mara.
3. Pima kabla ya kula. Andika.
4. Anza kuhesabu saa tangu tonge la kwanza. Pima baada ya saa moja, kisha baada ya saa mbili. Katikati usile kingine, na usifanye kazi nzito usiyoizoea.
5. Rudia mlo uleule, kwa kiasi kilekile, saa ileile, siku nyingine mbili. Chukua namba za siku tatu, utafute ile ya katikati.

Hapo umetumia stripu tisa. Ukibadilisha jambo moja na kupima tena mara tatu, utatumia tisa nyingine. Jibu moja ni stripu 18; boksi la 50 linakupa majibu mawili na ziada. Kama mfuko hauruhusu, pima mara mbili tu kila mlo, kabla na baada, lakini uchague saa moja au saa mbili na usiihame. Ukipima leo baada ya saa moja na kesho baada ya mbili, unalinganisha embe na chungwa.

Namba zifuatazo ni za milimoli kwa lita, kama mashine nyingi za Kenya zinavyosoma. Mtu asiye na kisukari, akiwa hajala tangu usiku, huwa chini ya 6.1. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Kuanzia 7.0, ikithibitishwa tena kituoni, ni kisukari. Saa mbili baada ya mlo, wengi wasio na kisukari huwa wameshuka chini ya 7.8. Wenye kisukari mara nyingi huwekewa lengo la kutovuka 10.0 baada ya kula, lakini lengo lako wewe alipange daktari wako.

Hatua ya 3: Badilisha jambo moja

Kosa la wengi ni kubadilisha matano kwa pamoja. Sukari ikishuka hawajui nini kimeishusha, na baada ya mwezi wanachoka na kuyaacha yote matano. Badilisha moja, pima mara tatu, andika, ndipo uende la pili. Haya ndiyo yanayostahili kujaribiwa kwanza, kwa sababu ndiyo yenye tofauti kubwa na gharama ndogo.

*Mpangilio wa matonge.* Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, waliwapa watu 11 wenye kisukari mlo mmoja kwa mipangilio miwili. Walipokula mboga na nyama kwanza, wakasubiri robo saa, kisha wakala wanga, sukari yao baada ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi ikilinganishwa na siku walipoanza na wanga. Watu walikuwa wachache, ndiyo maana ujipime mwenyewe. Kwenye sinia letu ni hivi: mchicha, kachumbari na samaki vitangulie, wali ufuate. Si vigumu, ni kuuzuia mkono usikimbilie wali kwanza.

*Kiasi na mwenzi.* Mahamri matatu na chai ni mlo mmoja. Mahamri mawili na kata mbili za mbaazi ni mlo mwingine. Mbaazi, kunde, pojo na maharagwe huachia sukari polepole, na hushibisha. Linganisha pia boflo nyeupe na muhogo wa kuchemsha, au sima ya unga uliokobolewa na sima ya unga wa posho mill. Linganisha ndizi mbivu iliyokwisha kupiga madoa na ile iliyoanza tu kuiva. Hapa ndipo miili huachana njia: utamkuta mtu ambaye wali haumsumbui lakini boflo inampaisha, na nduguye kinyume chake.

*Hatua baada ya kula.* Jaribu kutembea dakika 10 hadi 15 mara baada ya mlo, mwendo wa kawaida tu. Misuli inayotembea huichota sukari kutoka kwenye damu. Anayevuka kwa miguu Likoni anayo nafasi hiyo bure: kula nyumbani kabla ya kutoka, uteremke kwa miguu hadi kwenye feri badala ya kupanda bodaboda mlangoni. Wa Bamburi au Port Reitz ashuke matatu kituo kimoja kabla.

*Saa ya kula.* Mwili wa mchana hushughulikia sukari vizuri kuliko wa usiku. Sahani ileile ya saa moja za jioni na ya saa tano za usiku si sahani moja. Kama unafanya zamu ya usiku viwandani Changamwe, bandarini Kipevu au kwenye lango la bawabu, jaribu kuuweka mlo mkubwa kabla ya zamu, na usiku wa manane utumie kidogo chenye protini, kama mayai au karanga. Pima zote mbili uone.

*Kiporo.* Wanga uliopikwa ukapoa hubadilika kidogo, sehemu yake ikawa ngumu kusagwa tumboni. Ndiyo maana wali uliolala kwenye friji unaweza kupandisha sukari pungufu kidogo. Tofauti si kubwa, na kwa joto letu kuna hatari: wali uliolala mezani huzaa vijidudu vyenye sumu ambayo hata kuupasha moto hakuiondoi. Bila friji, sahau jaribio hili.

Sasa onyo kuhusu nazi. Ukiongeza tui zito kwenye wali, huenda mashine ikakupa namba nzuri zaidi, kwa sababu mafuta huchelewesha chakula tumboni. Usidanganyike. Watafiti wa London walipima pia mafuta ya damu, wakaona yanaendelea kupanda saa nyingi baada ya sukari kutulia, na stripu yako haiyaoni hayo. Vivyo hivyo kwa vyakula vya karai. Sukari ni dirisha moja la nyumba. Usiseme umeikagua nyumba nzima kwa kuchungulia dirisha hilo. Tui jepesi kwa siku za kawaida, tui zito kwa siku zake.

Mambo ambayo kidole hakisemi

*Selimundu na kipimo cha miezi mitatu.* Hospitali hutumia kipimo kiitwacho HbA1c kujua wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Sasa, Pwani ni nchi ya malaria ya karne nyingi, na watu wengi wamebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua. Utafiti uliofanyika Kilifi, kwenye kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, ulionyesha kwamba jeni hiyo moja huwakinga watoto kwa karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Lakini mwaka 2017 tafiti mbili zilizowahusisha Wamarekani weusi zilionyesha upande wa pili: wenye jeni moja ya selimundu, na wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, husomeka chini kwenye HbA1c kuliko sukari yao halisi. Upungufu huo nao ni wa kawaida katika nchi zenye malaria.

Kwa hiyo ikiwa HbA1c yako ni nzuri lakini daftari lako linaonyesha sukari ya juu kila mara, usilitupe daftari. Lipeleke kwa daktari, umwambie kama katika ukoo wenu kuna mgonjwa wa selimundu, uulize kama unafaa kupimwa kwa njia nyingine. Huu ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa kwa nini kipimo cha jumla kinaweza kumpotosha mtu mmoja.

*Maziwa.* Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wa Kenya na Tanzania wana mabadiliko yao ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Wenyeji wa Pwani wana asili nyingi zilizochanganyika, hivyo nyumba moja inaweza kuwa na wa aina zote. Ukinywa glasi ya maziwa mabichi tumbo likajaa gesi na kunguruma, si uchawi wala udhaifu. Jaribu mtindi: vijidudu vyake vimeshakula sehemu ya sukari hiyo. Kama mtindi unakukubali, umepata jibu bila maabara.

*Chumvi.* Mwaka 1990 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha utafiti uliowafuata Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema baada ya kufika, na mikojo yao ikaonyesha chumvi zaidi na potasiamu pungufu kuliko waliobaki kijijini. Jeni zao hazikubadilika njiani. Kilichobadilika ni maisha na sahani. Likoni, Kisauni na Changamwe zimejaa watu waliofanya safari ya namna hiyo, kutoka Kwale, Kilifi, Taita, Ukambani na kwingineko.

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo ndani ya achari, ng'onda, vidonge vya mchuzi na krispi za mihogo. Kupunguza chumvi ni shauri la chungu. Lakini miili hutofautiana katika kuitikia, na hilo unaweza kulipima: chukua presha asubuhi tatu ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, punguza chumvi kwa wiki mbili, kisha pima tena asubuhi tatu. Ikishuka vizuri, umejijua kuwa mmoja wa wale ambao chumvi huwaumiza zaidi. Isiposhuka, usirudi kwenye chumvi, nenda kliniki. Mchicha, ndizi na madafu yana potasiamu inayosaidia presha, isipokuwa kwa mwenye figo mbovu, ambaye potasiamu yaweza kumdhuru.

Mwezi wa Ramadhani

Ramadhani ni maabara iliyojileta: saa za kula zinajulikana, na futari hujirudia. Linganisha siku tatu za kufuturu kwa tende moja, maji, supu na mbaazi kwanza, na siku tatu za kuanza na kaimati, vitumbua na juisi yenye sukari.

Kwa mwenye kisukari, aanze maandalizi na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Wataalamu wa kisukari pamoja na wanazuoni wameeleza kwamba kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi saumu, basi usiogope kupima mchana. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikivuka 16.6, ushauri wa kitabibu ni kufungua mara moja.

Wanaouza majibu

Utakutana na watu wanaokuuzia kipimo cha jeni cha kukuambia ule nini, mashine ya kushika mkononi inayodai kusoma kila kiungo kwa dakika moja, na unga wa "kusafisha damu" uliotengenezwa kwa ajili ya kundi lako la damu. Waulize swali moja: je, kuna utafiti uliowagawa watu katika makundi mawili ukaonyesha kwamba waliokifuata kipimo hiki walipona zaidi? Ule wa Stanford ulijaribu hivyo kwa jeni, na jeni hazikusaidia kuchagua.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Sehemu kubwa ya takwimu za jeni duniani imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kazi ya kulijaza pengo hilo imeanza: mradi wa AWI-Gen umekusanya takriban watu 12,000 katika nchi nne za Afrika, na kwa Kenya umefanyika Korogocho na Viwandani, Nairobi. Mpaka kazi za namna hiyo zikomae, mwenye kipimo cha jeni anayedai anaijua sahani ya Mdigo au Mmijikenda mwingine kwa kupima mate yake anauza asichonacho.

Namna ya kulisoma daftari, na namna ya kukaa sinia

Baada ya wiki nane utakuwa na majibu matatu au manne, kila moja likiwa limerudiwa mara tatu. Yapange hivi: lililoshusha namba waziwazi, zaidi ya ule upotofu wa mashine, lishike. Lisiloleta tofauti, liache bila majuto. Umejipunguzia shida moja. Lililoshusha namba lakini likakunyima raha ya kula, litafutie mbadala, maana hutaliweza kwa mwaka.

Nenda kituo cha afya bila kungoja ukiona mojawapo ya haya: 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula, mara mbili; 11.1 au zaidi pamoja na kiu kali, kukojoa mno au kupungua uzito. Au chini ya 3.9 ukitetemeka na kutokwa jasho, na hapo unywe maji ya sukari kwanza, kisha utafute msaada. Hospitali za kaunti ndogo za Likoni na Port Reitz ziko bara, na kubwa ya rufaa, Coast General, iko kisiwani. Nenda na daftari. Daktari mwenye wagonjwa wengi atafaidika zaidi na kurasa mbili za namba zako kuliko na maelezo ya "nakula vizuri tu".

Limebaki jambo ambalo watafiti wa London na New York hawakulazimika kulifikiria. Wao waliwapa watu sahani, kila mmoja na yake. Sisi tunakula sinia moja, na anayejipikia chake pembeni huonekana anajitenga au anaringa. Basi usijitenge. Keti na anayepika, awe mamako, mkeo au wifi yako, mkubaliane ya chungu: chumvi pungufu, tui jepesi, mboga mbili badala ya moja, mbaazi mara nyingi zaidi. Hayo yatamfaa babu mwenye presha na mtoto anayekua pia, na hakuna atakayejua yamefanywa kwa ajili ya nani.

Sinia likishawekwa, ya upande wako yafanye kimya. Wifi wa kwanza anaweza kula mahamri yake mawili vilevile kama zamani. Wa pili, ambaye daftari limemwambia aanze na mbaazi, achukue kata yake kwanza, aongeze ya pili, kisha hamri moja, halafu ajitolee kwenda kuchota maji kisimani au kumsindikiza mtoto shule. Mkeka ni uleule na chungu ni kilekile. Saa moja baadaye, kila kidole kitasema habari yake.